Jumamosi za Stanislausi

Jumatatu, 24 Februari 1986

Kikundi chetu cha sanaa cha shirika la pamba kimevunjwa leo saa nne asubuhi, hapa Musoma, kwenye bwalo lile lile tulilokuwa tukifanyia mazoezi. Mkurugenzi hakuja. Alimtuma karani wa utumishi, akasoma karatasi akiwa amesimama mlangoni: shirika haliwezi tena kulisha wacheza ngoma na waigizaji wakati hata spea za mashine hazipatikani. Tulikuwa watu kumi na saba. Kiongozi wetu, Clementi, aliuliza jambo moja tu, "Na ngoma?" Karani akasema ngoma ni mali ya shirika. Basi tukazibeba wenyewe mpaka stoo, tukazipanga juu ya magunia ya mbegu za pamba, mlinzi akafunga kufuli.

Nimeigiza miaka kumi na mmoja. Sijui kazi nyingine.

Jumatano, 26 Februari

Mke wangu Dafroza hakulia wala hakugomba. Kachukua beseni lake kaenda mwaloni, kule wanakotia nanga wavuvi, kununua dagaa wa kuuza, kama kila siku. Sabuni hakuna mji mzima. Hapa mtaani kwetu Nyakato watu wanafulia majani ya mpapai.

Ijumaa, 28 Februari

Nimeamua mambo mawili. Kila asubuhi nitakwenda kwenye majabali kule ziwani nifanye mazoezi ya sauti, kazi iwepo isiwepo. Na nitaandika humu, ukweli mtupu, ili nijichunge. Kuna kitu nimekiona kwa wenzangu: mwigizaji asiye na jukwaa huanza kuwaigizia watu wa nyumbani kwake. Jana nilimwambia Dafroza "pole na kazi" kwa sauti ya mchungaji wa mchezo wetu wa mwaka juzi. Yeye hakugundua. Mimi niligundua.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Haikutosha hata kutuliza vumbi.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa sokoni nikimsaidia Dafroza, mtu mmoja akanishika mkono. Mtu mzima, miaka hamsini hivi, kanzu imefifia rangi, viatu vya matairi.

"Samahani, ndugu. Wewe si yule uliyekuwaga unaigiza bwana shamba, kwenye sikukuu ya pamba kule Bunda?"

Nikasema ndiye mimi. Nilijivuna kidogo, siwezi kukana. Nilidhani anataka kunisifu.

"Siku ile nilisimama nyuma kabisa," akasema, "sikuoni. Nikasikia sauti. Nikawasukuma watu mpaka mbele, maana nilidhani ni mdogo wangu."

Jina lake ni Wanzagi, anatoka Butiama. Mdogo wake, Stanislausi, alikwenda vitani Uganda mwaka sabini na nane, na hawajapata habari zake mpaka leo. Mama yao, Nyangi, haoni tena. Macho yaliingia ukungu. Sasa amelala, anakataa chakula. Padri amekwisha kumpaka mafuta ya wagonjwa. Lakini hafi. Anasema anamsubiri Stanislausi.

"Anateseka, ndugu yangu. Njoo mara moja tu. Umsalimie kwa sauti hiyo, akuage, apumzike."

"Kizanaki changu ni cha kubahatisha," nikamwambia. "Mama yangu alikuwa Mzanaki wa Busegwe, lakini nimekulia mjini."

"Miaka minane ugenini, nani hasahau lugha?"

Nimemwambia nitafikiri. Ni uongo. Nilikuwa nimekwisha kukubali aliposema aliwasukuma watu mpaka mbele.

Jumanne, 11 Machi

Dafroza: "Kwa mama wa mtu, Apolinary? Mama wa mtu anayekufa?"

Nikamwambia ni huruma. Akanitazama. Naandika ukweli kama nilivyoahidi: si huruma. Ni kwamba mtu amenipa nafasi ya kuigiza.

Jumamosi, 15 Machi, Butiama

Naandika nikiwa kwa Wanzagi, kwenye chumba kilichokuwa cha Stanislausi.

Nilidandia lori la mahindi hadi njia panda, nikatembea. Wanzagi alinipokea mbali na mji wake, akanikalisha chini ya jabali, tukafanya mazoezi. Stanislausi alikuwa na desturi ya kuvuta pumzi kabla ya kusema. Alimwita mama yake kwa kurefusha neno mwishoni. Alikuwa mpole, hakupenda kugombana. Nilimrudia mara sita au saba. Mara ya mwisho Wanzagi aliinuka akaenda pembeni, akanipa mgongo. Mimi nikawaza: nimempata.

Mama amelazwa kwenye ngozi sebuleni, mdogo kama mtoto. Petronila, mke wa Wanzagi, alikuwa amemshikia kikombe cha uji ambacho hakikupungua. Petronila hakunitazama usoni.

Nikapiga magoti. Nikavuta pumzi. Nikamwita.

Nilikuwa nimejiandaa kwa yote. Nilikuwa na habari za vita, habari za kupotea, za kubaki Uganda kwa kazi, kisha meli za Mwanza, aibu ya kurudi mikono mitupu. Nilijua atanigusa uso na nilijua nitasema nini. Hakunigusa. Akasema:

"Umekula?"

Katika maneno yote tuliyoyafanyia mazoezi hilo halikuwemo. Nikasema, "Bado, mama," na machozi yakanitoka ya kweli. Lakini nitaandika na hili: huku nikilia, kulikuwa na mtu ndani yangu aliyekaa kando, akisema, vizuri, yamekuja wakati wake.

Akamwambia Petronila alete ugali. Akataka na yeye alishwe, ili mwanawe asile peke yake.

Jumapili, 16 Machi

Amekunywa uji vikombe viwili. Ameomba atolewe nje aote jua.

Wanzagi kanisindikiza mpaka barabarani, uso umechanganyika. "Tulidhani ataaga," kasema. "Sasa anauliza utarudi lini."

"Umemwambiaje?"

"Nimesema Jumamosi."

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda. Ameketi mwenyewe. Ananisimulia nilivyokuwa mtoto, jinsi nilivyoogopa kuku. Mimi nacheka pale Stanislausi angecheka. Nimerudi na mtama, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Dafroza amepika, tumekula.

Jumapili, 30 Machi, Pasaka

Mvua sasa imekolea. Baada ya misa nimemkumbuka mama yangu mzazi. Alifariki mwaka themanini na moja, sisi tukiwa Dodoma kwenye mashindano. Simu ya maandishi ilinifikia mchana, fainali ilikuwa kesho yake. Nilibaki nikaicheza. Tulishika nafasi ya pili. Walipomzika mimi nilikuwa nafuta rangi usoni.

Sijawahi kuliandika hili.

Jumamosi, 5 Aprili

Huyu mama ndiye mtazamaji bora niliyepata. Hapigi makofi, hasinzii, hasikii kitu kingine chochote duniani ila mimi. Sauti ikipanda kidogo anageuza kichwa. Jukwaani nilikuwaga napaza sauti ili wa nyuma wasikie, nikaharibu mengi. Hapa nimejifunza kunong'ona. Najiona nimekuwa mwigizaji wiki sita baada ya kufukuzwa uigizaji.

Jumanne, 8 Aprili

Dafroza ameweka kijiko chini. "Sema kwa sauti yako."

"Nimesemaje?"

"Umevuta pumzi kwanza. Wewe huvutagi pumzi. Sitaki kula na marehemu."

Nikakasirika. Nikamwambia hakuna aliyesema ni marehemu.

"Mtu wa vita," akasema, "miaka saba hakuandika hata barua? Nyie wote mnajua. Huyo mama peke yake ndiye hajui."

Jumamosi, 12 Aprili

Mto umekata barabara. Sikwenda.

Jumapili, 13 Aprili

Sikutegemea ningesikitika hivi. Siku nzima nilikuwa kama mtu aliyeacha kitu mahali.

Jumamosi, 19 Aprili

Mambo yameharibika.

Mama amepata nguvu ya kupanga. Kuna ng'ombe wa marehemu baba yao waliotengwa kwa ajili ya mahari ya Stanislausi, na shamba la mtoni ambalo halijagawanywa kwa sababu mtoto wa mwisho hakuwepo. Anataka wazee wa ukoo waitwe, nikabidhiwe mbele yao. Hata binti amekwisha kunitafutia, anatoka Bumangi.

Wanzagi kaniita nyuma ya zizi. Mvua ilikuwa inanyesha, tumesimama chini ya paa la ghala, maji yakitudondokea mabegani.

"Siku hiyo utasema neno moja tu," akaniambia. "Utasema: mimi maisha yangu yako kwenye meli, siwezi shamba wala mifugo, vyote namwachia kaka yangu. Atakusikiliza."

"Kumbe ndiyo sababu uliniita?"

"Hapana."

"Uliniambia apumzike. Sasa nimwibie?"

"Mwanangu wa kwanza ana miaka ishirini na sita, hajaoa. Ng'ombe wapo, hawaguswi. Tumekaa hivi miaka saba, ndugu yangu. Unajua nini wewe?"

Nimeondoka bila kuaga. Njia nzima nilikuwa nikimwita mwizi kimoyomoyo, na nilijiona mtu safi sana.

Jumatano, 23 Aprili

Kafa Ulaya, zile nguo za mitumba, zimejaa sokoni, watu wanagombea makoti. Wenye fedha zao wameruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje. Kila mtu ana cha kuuza. Mimi nina sauti za watu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilikwenda nikiwa nimekusudia kumsuta Wanzagi. Hakuwepo, alikuwa kwenye palizi. Mama alikuwa amelala. Petronila akaniambia nimfuate jikoni. Wiki zote hizi hajanisemesha zaidi ya salamu.

Akapandisha mkono darini, akashusha kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na bahasha ya serikali, imekunjwa mara nne, imekula moshi. Barua ya jeshi, ya Juni mwaka sabini na tisa. Inasikitika kuujulisha ukoo kwamba askari Stanislausi alifariki akiwa kazini mwezi Aprili, na amezikwa huko huko.

"Ilifika wiki ya tatu baada ya kumzika baba mkwe," Petronila akasema. "Mama alikuwa hajaacha kulia. Mume wangu akasema, ngoja kidogo, apate nguvu. Ukapita mwezi. Ukapita mwaka. Ukishangoja mwaka utasemaje?"

Niliikunja tena barua.

"Kila jioni chakula kikiiva mama anauliza, Stanislausi hajafika? Na Wanzagi anamjibu, bado, mama. Kila jioni, shemeji. Halafu anakula. Mimi nimelala na huyu mwanamume miaka yote hii, sijamwona akimlilia mdogo wake. Atamlilia vipi, naye hajafa? Nilipomwona anakuja na wewe nilikuchukia. Nikasema, sasa hatalia kabisa."

Nimeirudisha barua kwenye kopo kwa mkono wangu.

Jumapili, 27 Aprili

Sikulala vizuri. Mimi nimecheza Jumamosi chache, nikajiona bingwa. Wanzagi amecheza miaka saba, mchezo wa mtu mmoja, bila likizo, bila mtu wa kumshikia maneno. Na nilimwita mwizi.

Jumamosi, 3 Mei

Wazee wameitwa, ni wiki ijayo. Wanzagi na mimi tumefanya mazoezi ya hotuba chini ya jabali. Sikumwambia kwamba nimeiona barua. Hotuba ni nzuri. Inaliza. Nimemuuliza kitu kimoja tu, "Alikuwaje, mdogo wako?" Akafungua mdomo, akaufunga. Akasema, "Tuendelee."

Alhamisi, 8 Mei

Dafroza: "Utaisema hiyo hotuba?"

"Nitaisema. Nikisema ukweli nitamuua."

"Hapana," akasema. "Unaogopa hatakupenda tena."

Jumapili, 11 Mei

Ya jana ndiyo haya.

Wazee walikuwa watano, wamekaa kwenye vigoda kuzunguka ukuta. Majirani kadhaa mlangoni. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, nje kila kitu kinadondosha maji. Mama amevalishwa kitenge kipya, kilemba cheupe. Alinishika mkono akanikalisha karibu yake, akawaambia wazee: "Mlisema nina kichaa. Huyu hapa."

Wazee walinitazama. Wao wana macho, na wawili kati yao walimlea Stanislausi. Nikajua hapo hapo kwamba wanajua, na wamekubali, kwa sababu Wanzagi amewaomba. Chumba kizima kilikuwa waigizaji. Mtazamaji alikuwa mmoja.

Nikavuta pumzi, nikaanza. Ilikwenda vizuri. Nilisikia jinsi chumba kilivyotulia, ule utulivu ninaoujua, ambao mwigizaji huwinda maisha yake yote. Nilifika kwenye meli na maisha yangu ya ugenini. Nilikuwa nimebakiza neno la kumwachia kaka.

Mama akanikatisha. Alikuwa anatabasamu.

"Mali ni ya ninyi wawili, mtapatana. Mimi nataka kimoja tu mbele ya wazee hawa. Nikifa, wewe mwanangu ndiye utatupa udongo wa kwanza. Usije ukawa mbali tena."

Nilitafuta sauti ya Stanislausi sikuipata. Si kwamba niliamua. Ningependa kuandika kwamba niliamua. Ilitoka ya kwangu.

"Mama, mimi si Stanislausi."

Mkono wake ukaganda juu ya wangu.

"Sema tena," akasema.

"Mimi naitwa Apolinary, mwana wa Masatu, wa Musoma. Ni mwigizaji. Nimekudanganya toka siku ya kwanza. Nisamehe."

Akautoa mkono wake taratibu, kama mtu anayeutoa kwenye maji asiyojua yana nini. Hakunielekea tena. Akageuza uso upande wa mlango, alipokuwa amesimama Wanzagi.

"Wanzagi."

"Naam, mama."

"Mdogo wako yuko wapi?"

Nilimtazama Wanzagi. Midomo yake ilijitengeneza kwa lile neno la kila jioni, nililiona kabisa likija. Petronila akasogea akasimama naye bega kwa bega.

"Alikufa, mama. Alikufa vitani, mwezi wa nne, mwaka wa sabini na tisa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku zote?"

"Siku zote, mama."

Mama akavua kilemba chake, akakiweka mapajani, akakikunja vizuri. Kisha akasema kwa upole ambao sitausahau, "Basi umekaa naye peke yako." Na Wanzagi, mtu mzima yule, akaanguka pale mlangoni akaita jina la mdogo wake kwa sauti kama ya ng'ombe anayechinjwa. Ndipo mama naye akapiga ukunga. Ukapokelewa na Petronila, ukapokelewa na majirani, ukatoka nje ukaenda mashambani.

Mimi nilikuwa bado nimekaa pale pale. Mama akanyoosha mkono, akaupata mguu wangu, akausukuma.

"Wewe mtu. Sauti yako ni nzuri. Usirudi nayo hapa."

Nikatoka.

Njiani watu walikuwa wanakuja mbio, majembe mabegani, wanawake wameshika vichwa. Mzee mmoja akanisimamisha, anahema. "Ni kwa kina Wanzagi? Nani amefariki?"

"Stanislausi," nikamwambia.

"Maskini! Lini?"

Nikasema, "Leo." Akaanza kulia, akapita.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekaa nyumbani.

Jumatatu, 26 Mei

Petronila alikuja mjini kutafuta chumvi, akapita kwa Dafroza sokoni, wakanikuta hapo. Amenyolewa nywele. Wamefanya matanga kamili. Kwa kuwa mwili haupo, walizika shati lake la shule pembeni ya kaburi la baba. Mama alitupa udongo wa kwanza mwenyewe, akiwa ameshikwa mkono na Wanzagi.

"Anakula?" nikauliza.

"Kidogo. Hatakaa sana. Lakini jioni haulizi tena. Wanakaa wawili wanamsimulia. Mume wangu ndiye anayesimulia sana." Akafunga upya kanga yake. "Sikuja kukushukuru, shemeji."

"Najua."

"Wala hujasamehewa."

"Najua."

Dafroza akamfungia dagaa kwenye gazeti. Petronila akapokea, wakaagana kama ndugu. Mimi hakunipa mkono.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua zimekwisha. Clementi amerudi kutoka Mwanza. Amepata mtu mwenye baa Bunda anayetaka kikundi cha maigizo cha kila mwisho wa juma, watu watalipa mlangoni. Hakuna shirika wala karani. Alikuja kwangu leo kunisikiliza, akakaa kwenye ndoo uani, mimi nikasimama mbele yake. Nikamfanyia mlevi. Nikamfanyia diwani. Nikamfanyia mwanamke anayenunua koti la kafa Ulaya.

"Umebadilika," akasema Clementi. "Zamani ulikuwaga unapiga kelele. Ila nahitaji na kijana. Kijana mpole, wa kuwaliza akina mama kidogo. Huna sauti ya namna hiyo?"

Dafroza alikuwa anapepeta dagaa mlangoni. Akasimamisha ungo.

"Ninayo," nikasema. "Lakini ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Tutamwomba."

"Amezikwa mwezi uliopita, Butiama."

Clementi akanitazama, akangoja niongeze. Sikuongeza. Basi akasema haya, nirudie yule mlevi. Nikarudia mlevi, akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikaendelea, kwa sababu ndiyo kazi niliyopata.